Gesi ya Mnazi Bay: ni ya nani, mkataba unambana nani, na je, unaweza kuvunjwa?

*"Shikamoo wakili. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Mtwara Vijijini, si mbali na Msimbati. Kila mkutano mkuu wa kijiji chetu unaishia kwenye gesi. Vijana wanasema kampuni ya kigeni iliuziwa gesi yetu na mkataba ni siri. Wazee wanasema sheria za mwaka 2017 zinaruhusu Bunge kuuchana mkataba wowote mbaya, kwa hiyo kinachotukwamisha ni woga tu. Juzi afisa mmoja alituambia serikali inapata mrabaha wa asilimia 12.5, kelele zikaanza: ina maana mzungu anaondoka na 87.5? Naomba unieleweshe gesi ni ya nani, kampuni inabanwa na nini hasa, mkataba unavunjika au hauvunjiki, na kijiji kama chetu kinaweza kudai nini bila kujiingiza matatani."*

Marahaba, ndugu mjumbe. Maswali yako manne yanashikana, kwa hiyo nitayajibu kwa mfululizo. Nitakaa zaidi kwenye hesabu na kwenye suala la kuvunja mkataba, maana hapo ndipo mikutano mingi ninayoisikia inapotea njia.

Tuanze na umiliki. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inasema petroli yote iliyo chini ya ardhi ya Tanzania ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Neno petroli katika sheria hiyo linajumuisha gesi asilia, kwa hiyo usibabaishwe na jina. Sheria ya mwaka 1980 iliyotangulia ilikuwa na msimamo huohuo. Kampuni haikununua gesi iliyo chini ya bahari ya Msimbati. Ilichopewa ni haki ya kuitafuta, kuichimba, na kupata sehemu yake ikishatoka kisimani na kupimwa kwenye mita mahali pa makabidhiano. Kabla ya hapo, hata molekuli moja si yake.

Upande wa pili wa jambo hilo hauwapendezi wanakijiji, lakini lazima niuseme: gesi hiyo si ya kijiji wala si ya mwenye shamba. Ardhi ya juu ina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na huko mna haki nzito za kushirikishwa na kulipwa fidia. Kilicho chini ya ardhi kina sheria nyingine. Mtu akivichanganya hivi viwili, atadai fidia ya gesi ambayo hataipata, na wakati huohuo ataacha kudai fidia ya minazi na mikorosho ambayo angeipata.

Huyo "mzungu" naye tumtazame vizuri. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na AGIP ya Italia, wakaona haina soko, wakaiacha. Ilikaa zaidi ya miaka 20 mpaka kampuni ndogo ya Kanada, Artumas, ilipokuja kusaini mkataba mwaka 2004. Leseni ya uendelezaji ilitolewa mwaka 2006 kwa miaka 25, na kwanza gesi iliwasha umeme wa Mtwara na Lindi. Bomba la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilianza kupitisha gesi mwaka 2015. Leo mwendeshaji ni Maurel & Prom, kampuni iliyoandikishwa Ufaransa, lakini hisa zake nyingi zinamilikiwa na Pertamina, shirika la mafuta la serikali ya Indonesia. Mbia wake ni shirika letu wenyewe la maendeleo ya petroli, TPDC. Nayataja haya kwa sababu ya kazi, maana ukitaka kujua sheria za nchi gani zinamgusa mtu, jua kwanza ameandikishwa wapi na nani yuko nyuma yake. Jina lililo kwenye mkataba mara nyingi ni la kampuni tanzu ya Tanzania isiyo na mali kubwa, na mali yenyewe iko kwa kampuni mzazi.

Sasa, kampuni inabanwa na nini? Watu husema "mkataba" kana kwamba ni karatasi moja. Juu kabisa kuna Katiba, kisha Sheria ya Petroli, sheria za kodi, mazingira na ardhi, kisha kanuni za waziri. Chini yake kuna leseni, ndipo unafika kwenye ule mkataba wa kugawana mapato ambao wengi tunauita PSA. Chini ya PSA kuna mikataba mingine ambayo haisikiki mikutanoni: mkataba wa uendeshaji kati ya wabia wenyewe, na mkataba wa mauziano ya gesi unaoweka bei.

Katika mpangilio huo, tofauti ya leseni na mkataba ndiyo inayonishughulisha zaidi. Kwenye leseni, serikali ni mtawala: inatoa ruhusa, inaweka muda, inaweka masharti ya usalama, na inaweza kufuta ruhusa kwa sababu zilizoandikwa kwenye sheria. Kwenye PSA, serikali kupitia TPDC ni mshirika wa biashara, anayeweza kudai na kudaiwa. Amevaa kofia mbili kwa wakati mmoja. Udhibiti umegawanywa ili kofia hizo zisigongane. Shughuli za utafutaji na uchimbaji zinasimamiwa na mamlaka iitwayo PURA. Usindikaji, mabomba na usambazaji zinasimamiwa na mamlaka nyingine, EWURA. TPDC inabaki na upande wa biashara. Kwa hiyo barua kuhusu kisima mkiipeleka EWURA itazunguka ofisini miezi, si kwa ubaya wa mtu, ila haihusiki pale.

Nije kwenye ile asilimia 12.5. Afisa wenu hakusema uongo. Alisema sehemu ndogo ya ukweli, nayo huwa inawachoma watu kuliko uongo wenyewe.

Wewe ni mtu wa korosho, kwa hiyo fikiria mzee mwenye shamba asiye na hela ya salfa. Anakuja mtu mwenye mtaji, ananunua salfa na kulipa vibarua wa palizi. Wanakubaliana kwamba korosho zikiuzwa, mwenye mtaji arudishiwe kwanza gharama zake, kisha kinachobaki wagawane. Msimu ukiharibika, hasara ni ya mwenye mtaji. PSA haina tofauti kubwa na hapo, ila serikali inachukua mrabaha, yaani fungu lake la mauzo, hata kabla ya gharama, na mwishoni inatoza kodi kwenye faida ya mwenzake.

Tufanye hesabu. Asilimia za mgao nimezichagua ili iwe rahisi kufuatilia, si za Mnazi Bay. Gesi imeuzwa kwa dola 100. Mrabaha ni dola 12.5, zinabaki 87.5. Mkataba unaruhusu kampuni kurejesha gharama hadi asilimia 60 ya kilichobaki, na kwa kuwa ni miaka ya mwanzo na imechimba visima kwa mamilioni, inachukua yote, yaani dola 52.5. Inabaki faida ya dola 35. Wakigawana 60 kwa 40, serikali inapata 21 na kampuni 14. Kwenye zile 14 kampuni inalipa kodi ya mapato ya asilimia 30, dola 4.2. Jumla ya serikali ni dola 37.7. Kampuni imeondoka na faida ya 9.8, na zile 52.5 ni fedha iliyokwishazitumia.

Sogea miaka kumi mbele. Visima vimeshalipiwa, gharama za mwaka ni dola 10 tu kwenye kila 100. Mrabaha ni uleule 12.5. Faida ya kugawana imekuwa 77.5, serikali inapata 46.5 na kampuni 31. Kodi ni 9.3. Jumla ya serikali sasa ni dola 68.3. Hakuna kifungu kilichobadilika wala mkataba uliochanwa. Kilichobadilika ni mstari mmoja, gharama.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wetu huwa hawalisemi wazi. Katika baadhi ya mikataba ya zamani, mrabaha haulipwi na kampuni, unalipwa na TPDC kutoka kwenye mgao wake. Hapo ile 12.5 haiongezi kitu kwenye fungu la taifa, inahamishwa kutoka mfuko mmoja wa serikali kwenda mwingine. Ndiyo maana nawasihi mwache kupigania asilimia ya mrabaha na muulize swali lenye meno: gharama zilizodaiwa mwaka jana ni kiasi gani, nani alizikagua, na ngapi zilikataliwa?

Ukaguzi huo unafanana na nini? Mkaguzi anakaa na daftari la gharama, mstari kwa mstari. Anakutana na malipo ya meli ya kuhudumia visima. Anauliza ankara, siku ilizofanya kazi, na kama ilikuwa ikihudumia kitalu kingine, yaani eneo jingine la gesi, siku hizohizo. Anakutana na mstari umeandikwa "huduma za kitaalamu", uliolipwa kwa kampuni dada iliyo nje ya nchi. Anauliza ni mtaalamu gani, alifanya nini, na bei ya soko ni ipi. Anakutana na mgawo wa gharama za makao makuu. Anafungua PSA kutazama kikomo chake. Kila dola anayoikataa kwa haki inahama kutoka fungu la gharama kwenda fungu la faida, na huko tuna mgao. Jambo hili si la kufikirika. Mwaka 2011 Kamati ya Bunge ilihoji mamilioni ya dola kwenye hesabu za gharama za gesi ya Songo Songo kule Kilwa, kampuni ikakana, na mabishano yakachukua miaka. Sheria ya 2015 imeipa PURA kazi hiyo ya ukaguzi. Haki ya kukagua mara nyingi ina muda wake ndani ya mkataba, ukipita hesabu inahesabiwa kukubaliwa. Kwa maoni yangu, mkaguzi mmoja mzuri aliyelipwa vizuri na kupewa nyaraka kwa wakati analiletea taifa fedha nyingi kuliko hotuba kumi za jukwaani.

Kuhusu siri, vijana wako wana hoja. Kwa miaka mingi PSA zilifichwa hata kwa wabunge. Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa Kitalu namba 2 ilivuja na kuzua mjadala mkubwa. Novemba mwaka huohuo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliagiza viongozi wawili wa TPDC wakamatwe kwa kushindwa kuwasilisha mikataba 26. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, yaani madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba na leseni ziwekwe hadharani pamoja na majina ya wanahisa. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na sioni sababu ya kuupamba. Hata hivyo usiseme hakuna kinachoonekana. Mfano wa PSA wa mwaka 2013 uko hadharani, na ukiusoma utaelewa mifupa ya mikataba mingine. Ripoti za TEITI, chombo cha uwazi katika tasnia hiyo, zinalinganisha kile kampuni zilisema zimelipa na kile serikali ilisema imepokea. Baadhi ya mikataba ya zamani inapatikana kwa sababu wenye kampuni waliandikishwa kwenye masoko ya hisa ya nje, ambako sheria inawalazimisha kuweka wazi nyaraka kubwa. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia wa Tanzania haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30, hata kama jibu ni kukataliwa kwa sababu zilizoandikwa.

Sasa lile la wazee, kuchana mkataba. Sheria wanayoitaja ipo. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Mamlaka ya Nchi kuhusu Umiliki wa Maliasili, na pamoja nayo Sheria ya Mapitio na Majadiliano kuhusu Masharti Hasi katika Mikataba ya Maliasili za Nchi. Jina lenyewe refu linajibu nusu ya swali: mapitio na majadiliano. Utaratibu wake ni kwamba Bunge likibaini sharti hasi, yaani linaloumiza nchi, linaweza kupitisha azimio la kuitaka serikali ianzishe majadiliano. Serikali inatoa notisi kwa mwekezaji ndani ya siku 30, na wana siku 90 za kujadiliana. Wakishindwa kukubaliana, au mwekezaji akigoma, sharti hilo linakoma kuwa na nguvu. Ni sharti hilo tu. Mkataba wote unabaki umesimama, na kampuni inabaki kisimani.

Hapa tuna nguvu ya kweli, sipingi. Lakini nguvu ya sheria ya ndani inaishia mpakani, na nje ya mpaka kuna ahadi nyingine ambazo taifa limesaini. PSA za zamani nyingi zina kifungu cha usuluhishi wa kimataifa. Nyingi zina pia kifungu cha kulinda mizani ya kiuchumi: sheria mpya ikiwaumiza, pande mbili zinakaa na kurudisha uwiano wa mwanzo. Juu ya hapo kuna mikataba ya kulinda uwekezaji kati ya nchi na nchi. Tanzania iliusitisha ule wa Uholanzi, ukakoma Aprili 2019, lakini wawekezaji waliokuwa wameshaingia bado wanalindwa nao kwa miaka 15 baada ya hapo. Hata lile Azimio namba 1803 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1962, ambalo ndilo msingi wa kudai umiliki wa kudumu wa maliasili na ambalo sote tunalipenda, lina upande wa pili: linataka mikataba iheshimiwe kwa nia njema, na mali ikitaifishwa fidia ilipwe.

Mfano uko kwa jirani zenu Nachingwea. Mradi wa nikeli wa Ntaka Hill ulikuwa na leseni ya kuhodhi eneo. Marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 yalifuta aina hiyo ya leseni. Wawekezaji wakatumia mkataba wa uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza kwenda kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya wawekezaji na nchi, na Julai 2023 likaamuru walipwe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 90. Kesi nyingine mbili za aina hiyo, za Winshear na Montero, ziliisha kwa makubaliano ya dola milioni 30 na milioni 27. Hayo ni madini, si gesi, lakini njia ya kisheria ni ileile. Hizo ni fedha za shule na zahanati, na tumezilipa bila kupata hata tani moja ya nikeli. Kwa hiyo mzee akisema ni woga, mjibu kwa heshima kwamba kuna woga wa kijinga na kuna kupiga hesabu kabla ya kugonga meza.

Je, basi tumefungwa mikono? Hapana. Kuna siku ambazo serikali ina nguvu kubwa bila kuvunja chochote, nazo zimo ndani ya sheria na mikataba hiyohiyo.

Kila mwaka kampuni inaleta mpango kazi na bajeti ili uidhinishwe. Gharama iliyokataliwa kwenye bajeti haiji kuwa ugomvi kwenye daftari. Siku nyingine ni pale hisa zinapouzwa, kwa sababu haki ya kitalu haihamishwi kwa siri. Hilo mmeliona Mnazi Bay kwenyewe. Maurel & Prom walipotaka kuinunua Wentworth, mbia wao wa wakati ule, Tume ya Ushindani ilizuia mwaka 2023. Baada ya mazungumzo ununuzi ukakamilika, na TPDC ikanunua asilimia 20 zaidi. Shirika la umma likatoka asilimia 20 hadi 40. Halikumpokonya mtu na hakuna aliyekimbilia ICSID. Sheria ya 2015 inataka ushiriki wa TPDC usipungue asilimia 25 katika leseni isipokuwa shirika lenyewe liamue vingine, lakini Mnazi Bay ulikuwa mkataba wa zamani. Kilichofungua mlango ni mauzo ya hisa.

Siku kubwa kuliko zote ni mwisho wa leseni. Ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001, ya Mnazi Bay mwaka 2006, zote za miaka 25. Leseni ikifika mwisho, mwekezaji ndiye anayekuja kuomba. Wakati huo unaweza kuzungumza mgao mpya, ajira, bei ya gesi kwa viwanda vya Mtwara, na mfuko wa kufunga visima ili gharama ya usafi isije ikabaki kwenu. Mwaka 2031 unaonekana mbali, lakini majadiliano ya namna hii huanza miaka kadhaa kabla. Mbunge wenu akiniuliza nimpe swali moja la kuuliza bungeni, ningempa hili: nani yuko kwenye timu ya majadiliano ya leseni ya Mnazi Bay, na anaandaa nini?

Usisahau pia sheria za huko walikotoka. Kampuni kubwa za uziduaji zilizoandikishwa Ulaya, pamoja na Ufaransa na Norway, zinalazimika kutangaza kila mwaka malipo yote makubwa waliyoilipa kila serikali. Kijana wa kijiji mwenye simu anaweza kufungua tovuti ya kampuni, akatafuta ripoti ya malipo kwa serikali, na kuona Tanzania imelipwa nini, na kwa mfumo wa kodi au mgao. Chukueni namba hiyo, mlinganishe na ya TEITI. Zikitofautiana, swali lenu limeshaandikwa.

Kuhusu kuwashtaki huko kwao, inawezekana lakini ni njia ndefu. Wakulima wa Niger Delta, Nigeria, walifungua kesi dhidi ya Shell huko Uholanzi mwaka 2008 kwa mafuta yaliyomwagika. Mahakama ya Rufaa ya The Hague iliwapa ushindi Januari 2021, na malipo ya euro milioni 15 yalikubaliwa Desemba 2022, wengine wakiwa wameshafariki. Ufaransa ina sheria ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa kuwa na mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira popote zinapofanya kazi. Kesi ya kwanza dhidi ya TotalEnergies kuhusu visima vya Uganda na bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, ilitupwa Februari 2023 kwa sababu za kiutaratibu, na nyingine ikafunguliwa mwaka huohuo. Msiitegemee njia hii kama ya kwanza.

Kijiji kinaweza kudai nini basi? Kwanza, msidai asilimia ambayo sheria yetu haijaiweka. Kenya, kwa Sheria yake ya Petroli ya 2019, imegawa fungu la serikali: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya eneo husika. Tanzania haina mgao kama huo. Mimi binafsi naona tungepaswa kuwa nao, lakini hiyo ni kazi ya Bunge, si ya kampuni.

Kilichopo ni ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo, unaokwenda halmashauri ya wilaya. Hauji kijijini moja kwa moja, kwa hiyo swali lake ni la diwani wenu: mwaka huu ziliingia ngapi, na zimepangwa kwenda kata ipi? Kuna mpango wa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, ambao Sheria ya Petroli inataka kampuni iandae kila mwaka kwa kukubaliana na serikali za mitaa. Watu wengi hudhani madawati na visima vya maji ni hisani. Si hisani tu, ni mpango unaopaswa kuandikwa na kujadiliwa, na vipaumbele vya kijiji vinaweza kuingia humo mkiwahi. Ombeni nakala yake kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kuna kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania, ambazo zinampa mzawa kipaumbele kwenye ajira na zabuni. Vikundi vyenu vya mama lishe, wavuvi na madereva visajiliwe rasmi kwanza, maana kampuni haiwezi kumpa zabuni mtu asiye na namba ya mlipakodi.

Kwa mazingira, mkiona samaki wamekufa au maji ya kisima yamebadilika harufu, andikeni siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, picha, majina ya walioshuhudia. Pelekeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, na PURA kwa pamoja, nakala kwa mkuu wa wilaya. Malalamiko yasiyo na tarehe hayana pa kushikwa.

Kuhusu kutojiingiza matatani, Mtwara haijasahau vurugu za gesi za mwaka 2013, na familia zilizopoteza watu hazihitaji kukumbushwa. Nguvu ya kijiji kisheria iko kwenye mkutano mkuu wa kijiji wenye akidi na muhtasari uliosainiwa na kugongwa mhuri. Barua inayoanza na "mkutano mkuu wa kijiji uliazimia" ina uzito ambao barua ya mtu mmoja haina, na haimweki mtu mmoja mbele ya lawama.

Kuna mambo ambayo si ya kumaliza kwa maandishi kama haya. Kama kijiji kinaombwa kutoa ardhi kwa mkuza wa bomba, kisima kipya au kambi. Kama wathamini wamepita na watu wameshasaini fomu. Kama miezi sita imepita tangu uthamini kuidhinishwa na fidia haijalipwa, kwani hapo riba inaanza kuhesabiwa. Au kama mtu ameumia au chombo cha uvuvi kimeharibiwa, tafuteni wakili ana kwa ana mapema, kwa kuwa uthamini nao unapitwa na muda baada ya miaka miwili. Kama hamna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani, na Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanaweza kuwaelekeza. Mkienda, bebeni muhtasari wa mikutano, hati au barua za umiliki wa ardhi, nakala za fomu za uthamini na picha za mazao kabla hayajafyekwa. Na karatasi yoyote yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" asiisaini mtu kabla wakili wenu hajaisoma.